Kila Mtu na Wake: Kwanini Unapigwa Kwenye Gemu za Kikosi, na Kwanini Kushusha Ugumu Hakukufundishi Kitu

Mpwa wangu ana miaka 17 na juzi kati alinipigia simu kanuna kabisa. "Anko, hii gemu inaniibia." Gemu yenyewe Baldur's Gate 3, ile ya Larian wa Ubelgiji iliyotoka Agosti 2023 ikabeba tuzo ya gemu bora ya mwaka kwenye The Game Awards. Alishakufa mara saba sehemu moja na alitaka nimwambie namna ya kushusha ugumu, nikamwambia usishushe kwanza, nakuja Jumapili nikuone unavyocheza.

Basi nimefika, nimepewa chai, nimekaa pembeni. Yuko pale kwenye kile kijiji kilichotelekezwa, mwanzoni mwanzoni tu, magoblini wengine wako juu ya mapaa na pinde zao, yeye kaingia kwa mlango wa mbele chini kabisa kama anaenda kulipia Luku. Ana watu wanne: mpiganaji wake mwenyewe na wenzake wa kwenye gemu, Shadowheart, Astarion na Gale yule mchawi. Pambano likaanza na dogo akafanya kitu ambacho nilikifanya mimi miaka na miaka, kila mmoja wa watu wake akachagua goblini wake. Wanne kwa wanne. Nikamuuliza mbona umewagawia hivyo, akanijibu kwa ujasiri, "Anko, ili wasije wakamchangia mmoja wangu wawili wawili."

Ukisikiliza inaingia akilini. Ndo maana watu wengi wanacheza hivyo, na ndo maana watu wengi wanaamini hizi gemu ni ngumu kuliko zilivyo. Kwa hiyo leo niongelee hilo: ugumu wa mapambano kwenye gemu za kikosi, zile unazoongoza watu kadhaa kwa pamoja, unatoka wapi hasa, kwa sababu kile kitufe cha kwenye setingi kilichoandikwa rahisi, kawaida, ngumu ni sehemu ndogo sana ya habari.

Anza na jambo moja ambalo halifanani na maisha. Kwenye maisha ya kawaida mtu akipigwa anachoka, anachechemea, mkono unakuwa mzito. Kwenye karibu gemu zote za ukoo huu adui aliyebakiza damu 1 (damu ndo namba ya uhai wake, ikifika sifuri kafa) anapiga sawasawa na adui mwenye damu kamili. Hachoki. Yuko mzima mpaka sekunde anayokufa. Hii ni urithi wa zamani, gemu hizi zote ni wajukuu wa Dungeons & Dragons ya Gary Gygax na Dave Arneson ya mwaka 1974, ambayo nayo ilitoka kwenye michezo ya vita ya mezani, na kule kikosi au kipo uwanjani au kimeondolewa. Kwa hiyo kumjeruhi adui bila kumuua, ukiacha wachache wa pekee, hakujakupunguzia chochote kwa raundi hiyo, yaani ile duru ambayo kila mtu anapata zamu yake moja. Umemchafulia nguo tu.

Sasa twende kwenye hesabu, nayo ni hesabu ya darasa la nne usikimbie. Una watu wanne, maadui wanne. Kila mmoja, wako na wao, ana damu 30 na kila kipigo kinatoa 10. Tuseme wewe ndo unaanza kila raundi na hakuna anayekosa, nimerahisisha makusudi.

Mtindo wa dogo, kila mtu na wake. Raundi ya kwanza kila adui kapungua 10, wote wanne wapo, wanakurudishia vipigo 4. Raundi ya pili wamebaki na 10 kila mmoja, bado wote wapo, vipigo 4 tena. Raundi ya tatu wanakufa wote kwa mpigo, inapendeza kuangalia. Umekula vipigo 8, damu 80.

Mtindo wa pili, wote mnamchangia mmoja. Raundi ya kwanza vipigo vitatu vinamuua wa kwanza, cha nne kinamgusa wa pili. Wamebaki watatu, wanakurudishia 3. Raundi ya pili viwili vinammaliza huyo wa pili na viwili vinaenda kwa wa tatu, wamebaki wawili, unakula 2. Raundi ya tatu kipigo kimoja kinammaliza wa tatu, vitatu vinamuua wa nne, kwisha. Umekula vipigo 5, damu 50. Raundi ni zilezile tatu, nguvu ileile, silaha zilezile, ila umetoka na damu 30 zaidi ya dogo kwa sababu tu ya mpangilio.

Mtindo wa tatu ndo wenye utamu. Mmoja wako ni mchawi, na badala ya kupiga, raundi ya kwanza anawalaza maadui wawili usingizi. Wale watatu wengine wanamuua mmoja. Anayebaki macho ni mmoja tu, anakupiga kipigo 1. Raundi ya pili mnamuua huyo. Halafu mnawafuata waliolala, mmoja mmoja, raundi ya tatu na ya nne. Pambano limechukua raundi nne badala ya tatu, lakini umekula kipigo kimoja. Damu 10. Kutoka 80 mpaka 10, na hakuna aliyepanda levo wala kununua upanga mpya.

Huyu Gale wa mpwa wangu alikuwa nayo hiyo Sleep, uchawi wa kulaza usingizi. Dogo mwenyewe ndo aliichagua wakati wa kupanda levo akaisahau, kisa haina namba ya damu inayotoa. "Sasa anko uchawi usioumiza wa nini?" Hii akili ya kuangalia namba kubwa nyekundu juu ya kichwa cha adui ndo inayomaliza watu. Kinachohesabika kwenye gemu hizi ni zamu, zako ngapi na zao ngapi, na kila kitu kizuri ukikifuatilia vizuri unakuta ama kinakuongezea zamu ama kinampokonya adui zamu. Mchezaji wa drafti pale kijiweni analijua hili bila kusoma, anakuachia ule kete moja ili wewe upoteze mwendo yeye aingie kingi.

Haya, tupandishe ugumu. Kwenye Baldur's Gate 3 ile modi ya Tactician inawaongezea maadui damu kwa asilimia 30, pamoja na mambo mengine. Kwenye mfano wetu kila adui sasa ana 39, maana yake anahitaji vipigo vinne badala ya vitatu. Rudia hesabu ileile. Anayegawa kila mtu na wake sasa anakula vipigo 12 badala ya 8. Wanaochangia mmoja wanakula 6 badala ya 5. Wenye usingizi wanakula 3 badala ya 1.

Tulia hapo kidogo. Kikosi chako chote kina damu 120, watu wanne mara 30. Mchezaji wa kila mtu na wake alikuwa anatoka na damu 40 mkononi kwenye ugumu wa kawaida, anajiona yuko vizuri. Amepanda ngazi moja tu, vipigo 12 ni damu 120 kamili, kikosi kizima. Na kiuhalisia hafiki hata huko, kwa sababu watu wake wakianza kuanguka nao wanaacha kupiga, pambano linarefuka, anakula zaidi. Jirani yake anayechangia mmoja kaongezewa kipigo kimoja tu. Kwa hiyo hawa wawili wakikutana mmoja atasema Tactician haichezeki na mwingine atasema mbona kawaida tu, na wote wawili wanasema ukweli. Kitufe cha ugumu hakimuongezei kila mtu mzigo uleule, kinazidisha makosa uliyokuwa nayo tayari.

Kuna jambo lingine la namba ambalo linadanganya macho, nalo ni dadu. Gemu hizi nyingi zinatumia dadu ya nyuso 20, adui anarusha, anajumlisha uwezo wake, akifikia AC yako, ile namba ya kinga ya mavazi yako, kakupata. Kila nukta moja ni asilimia 5, inaonekana ndogo, mtu anadharau. Chukua Baldur's Gate ya kwanza kabisa, ya BioWare ya Desemba 1998, iliyotumia zile kanuni za zamani ambapo AC ikiwa ndogo ndo nzuri (usiniulize kwanini, hata wenyewe baadaye waliigeuza). Adui dhaifu mwenye THAC0 20 (namba anayohitaji kwenye dadu kumpata mwenye AC 0) akimpiga mtu mwenye AC 5 anahitaji kupata 15 na kuendelea, yaani asilimia 30. Akimpiga mwenye AC 2 anahitaji 18, asilimia 15. Nukta tatu tu za mavazi zimekata vipigo nusu kwa nusu! Sasa geuza, mpe huyo adui nyongeza ya 2. Kwa mwenye AC 5 inatoka 30 kwenda 40, imeongezeka theluthi. Kwa mwenye AC 2 inatoka 15 kwenda 25, imeongezeka theluthi mbili. Yule uliyemvalisha machuma yote awe ukuta ndo anaumia zaidi kwa hesabu ya uwiano, na ndo maana ukipandisha ugumu mtu wa kwanza kukushangaza kwa kufa ni tanki lako.

Na ndo maana pia vile vitu vidogo vya uwanjani vina thamani kuliko vinavyoonekana. Kwenye Baldur's Gate 3 ukisimama juu unapata nyongeza ya 2 kwenye kurusha, aliye chini yako akikulenga anakatwa 2. Ukiwa na upendeleo, ile hali ya kurusha dadu mbili uchukue kubwa, nafasi ya asilimia 50 inakuwa 75. Wale magoblini wa juu ya paa hawakuwa na nguvu yoyote ya ajabu, walikuwa na ngazi tu. Dogo angezunguka nyuma ya nyumba akapanda kabla hawajamuona, pambano lingekuwa lingine kabisa.

Turudi kwenye zamu, maana watengenezaji wenyewe wanajua kwamba kumpokonya adui zamu ndo silaha kubwa, na wamehangaika nayo sana. Larian hao hao kwenye Divinity: Original Sin 2 ya 2017 waliweka aina mbili za kinga juu ya damu, moja ya kuzuia silaha na moja ya kuzuia uchawi, na ikawa huwezi kumlaza, kumgandisha wala kumwangusha adui mpaka kinga inayohusika imalizike. Wazo lilikuwa zuri, raundi ya kwanza isiwe ya kugandisha kila mtu halafu unachinja taratibu. Matokeo yake yakawa mengine. Ukiwa na wachawi wawili na wapiganaji wawili, hawa wanakwangua kinga moja na wale wanakwangua nyingine, mnafanya kazi mbili tofauti kwa adui mmoja, kwa hiyo wachezaji wakagundua haraka kwamba kikosi cha silaha tupu kinapita kirahisi kuliko kikosi mchanganyiko. Kanuni iliyokuja kuzuia ujanja ikazaa ujanja mpya. Mi bado naipenda ile gemu ila kwenye hilo naona walikosea.

Upande wa kujiongezea zamu kuna Haste, uchawi wa kumuongezea mtu mbio. Kwenye Baldur's Gate 3 ya kawaida Haste inampa mtu wako aksheni nzima ya ziada kila zamu, yaani mpiganaji wa levo 5 anayepiga mara mbili sasa anapiga mara nne. Ni sawa na kuongeza mtu wa tano kwenye kikosi cha wanne. Lakini inashikiliwa kwa umakini wa mchawi aliyeitoa, akipigwa akapoteza umakini, yule uliyemuongezea mbio analegea zamu nzima hafanyi kitu. Umekopa zamu, na riba ipo. Walipoleta modi ya Honour mwishoni mwa Novemba 2023, ile yenye sevu moja tu na ukifa umekufa, wakabana hapo hapo, aksheni ya Haste ikawa inatoa kipigo kimoja tu badala ya viwili. Na mabosi wakapewa mbinu zao maalum za kufanya vitu hata isipokuwa zamu yao. Ona walivyofikiri: bosi mmoja dhidi ya wanne kapungukiwa zamu, hata umpe damu kiasi gani atabaki anapigwa nne anarudisha moja, kwa hiyo dawa ni kumpa zamu. Hii kwangu ndo modi ngumu iliyotengenezwa kwa akili, kuliko zile za kumjaza bosi damu kama tenki la maji uanze kusinzia na kipanya mkononi.

Mpaka hapa nimeongelea pambano moja. Ila pambano moja sio kipimo, kwa sababu ukiruhusiwa kutumia uchawi wako wote kila pambano, halafu ulale uamke umejaa, basi kila pambano ni la mwisho na hakuna la kufikiria. Mchawi wa levo 5 kwa kanuni za sasa ana nafasi nne za uchawi wa ngazi ya kwanza, tatu za ya pili na mbili za ya tatu. Fireball, ule mpira wa moto wa ngazi ya tatu, mbili, basi, mpaka alale. Hizo mbili unazitumia kwa wale panya wa mlangoni au unamsubiri mkubwa wa ndani? Hilo swali ndo mchezo wenyewe. Na jibu linategemea kitu ambacho hakuna anayekiangalia kwenye setingi, bei ya kulala.

Kwenye ile Baldur's Gate ya 1998 ulikuwa unaweza kulala karibu popote, hatari yake kubwa ni kuvamiwa usiku, kwa hiyo watu walipigana, wakalala, wakapigana, wakalala, kuna mashujaa waliotumia nusu mwezi wa gemu kusafisha pango moja. Pillars of Eternity ya Obsidian ya 2015, iliyochangiwa na mashabiki karibu dola milioni 4 kwenye Kickstarter, ilijaribu kuziba hilo, ikaweka vifaa vya kambi vinavyohesabika: kwenye ugumu wa kawaida unabeba vinne, kwenye mgumu viwili. Karatasini safi. Kiuhalisia mtu vikimwishia anarudi mjini kwa miguu, anaangalia skrini ya kuloodi mara nne, anarudi. Haikuwa ngumu, ilikuwa inachosha, na hivyo vitu viwili watu wanavichanganya sana. Pillars ya pili ya 2018 ikaachana na hiyo habari kwa sehemu kubwa, uwezo mwingi ukawa unarudi kila pambano. Baldur's Gate 3 inataka chakula, 40 kulala kwenye ugumu wa kawaida na 80 kwenye Tactician, lakini chakula kimejaa kila pipa na kila jiko, ukiwa na tabia ya kufungua makabati ya watu kama mimi hutakaa upungukiwe.

Sasa kuna ugumu wa aina nyingine kabisa ambao hesabu zote hizi hazikusaidii, ni ugumu wa kutojua.

Kwenye gemu hiyohiyo ya 1998, ukitoka tu nyumbani, kituo chako cha kwanza cha maana ni nyumba ya wageni inayoitwa Friendly Arm. Unafika pale umechoka, mchawi wako ana damu 4, ukijaliwa 6. Kwenye ngazi za mlangoni kuna bwana mmoja anaitwa Tarnesh anakuuliza jina lako kwa upole. Ukishajulikana anajizungushia vivuli vyake bandia hujui wa kweli yupi, anawatia watu wako hofu wanakimbia ovyo uwanja mzima, halafu anaanza kurusha mishale ya mwanga, kila mshale unakula 2 mpaka 5 na haukosi. Kwisha. Watu wameacha gemu pale. Lakini aliyekwisha kufa mara mbili tatu anajua kwamba kwa kanuni zile mchawi akiguswa katikati ya kunuia uchawi wake unaharibika, kwa hiyo anawasambaza wenye pinde mapema na wote wanalenga pale bwana anapoanza kunong'ona tu. Tarnesh hajabadilika hata nukta. Wewe ndo umejua.

Mkubwa wao wa aina hii ni Kangaxx wa Baldur's Gate II, ya mwaka 2000, kule bandarini kwenye mji wa Athkatla. Unampiga, anabadilika anakuwa fuvu linaloelea, na fuvu hilo haliguswi na silaha iliyo chini ya +4 (ile namba ya nguvu ya uchawi kwenye silaha), na kazi yake ni kuwafungia watu wako ardhini mmoja mmoja milele. Akimfungia mhusika mkuu gemu imeisha. Usipokuwa na silaha ya +4 unaweza kuwa fundi wa mbinu zote nilizoandika hapo juu na bado utakufa. Ukiwa na gombo la kinga dhidi ya wafu unasimama mbele yake kama umekuja kusoma mita, hakuoni. Je hilo ni gumu? Mi nasema ni fumbo lenye mlango mmoja, na fumbo likishafumbuliwa halirudi kuwa gumu tena.

Pathfinder: Kingmaker ya Owlcat, 2018, ililalamikiwa sana kwa hili. Mapema kabisa kuna pango lenye makundi ya buibui wadogo, na kwa kanuni za Pathfinder kundi la vidudu vidogo kiasi kile halidhuriki na panga wala mshale. Mtu anakata, anakata, anaona sifuri. Dawa ni chupa za moto, unazirusha, vidudu vinaungua. Ukijua, dakika mbili. Usipojua unadhani gemu imeharibika.

Na hapa ndo sisi tuna shida yetu ya ziada ambayo wenzetu hawana. Gemu hizi hazina Kiswahili. Ni maandishi mtindo mmoja, maelfu ya maelezo madogo madogo kwa Kiingereza cha kanuni, na tofauti kati ya anayehimili moto na asiyedhurika kabisa na moto ni neno moja ndani ya kisanduku ambacho dogo hakifungui. Nimemuangalia siku ile, anafunga kila maelezo kabla hayajamaliza kutokea. Halafu sisi tumekulia kwenye vibanda vya gemu, unalipia mechi, unapiga mpira au ngumi dakika kumi unampisha mwenzio, hakuna aliyewahi kulipia kibandani akae masaa 100 anasoma. Kwa hiyo mazoea ya kusimama na kusoma hatuna, na gemu hizi asilimia kubwa ya ugumu wake umeandikwa pale, wazi, kwa herufi ndogo.

Kuna na lile swali la milele, zamu kwa zamu au muda unaotembea wenye kusimamishwa? Baldur's Gate ya zamani, Pillars, Dragon Age: Origins ya 2009, hizi muda unatembea wenyewe na wewe unabonyeza spesi kuusimamisha. Watu wanabishana kama ni Simba na Yanga. Kwa upande wa ugumu mi naona tofauti ni hii: muda ukitembea, ile hesabu ya zamu bado ipo, kwenye Baldur's Gate raundi ni sekunde 6 za kweli, ila imefichwa. Hujui nani amepoteza zamu yake kwa kukwama mlangoni nyuma ya mwenzake, na kukwama huko ni kwingi. Dragon Age ilikuruhusu kumwandikia kila mtu masharti, kama damu ya mwenzako imeshuka chini ya kiasi fulani mponye, kama adui ni mchawi mkimbilie, na ukiyapanga vizuri unakaa kama kocha. Zamu kwa zamu inakuwekea kila kitu mezani uone ulipokosea, bei yake ni kwamba pambano la kipuuzi na mbwa mwitu watatu nalo linachukua dakika sita. Kampuni zenyewe zimeona bora kuweka zote, Pillars ya pili iliongezewa zamu kwa zamu Januari 2019 na Kingmaker Agosti 2020. Kama ndo unaanza, anza na zamu. Utajifunza mara mbili haraka.

Kwa hiyo ushushe ugumu au usishushe? Shusha, hakuna polisi. Mimi mwenyewe kuna gemu nazicheza kwa modi ya hadithi kwa sababu nimerudi kazini saa mbili usiku nataka kujua nani alimuua mfalme tu. Ila kabla hujashusha, pambano likikushinda jiulize raundi ya kwanza ulimuua nani. Kama jibu ni hakuna, tatizo haliko kwenye setingi.

Siku ile nilimwambia dogo arudie pambano na kitu kimoja tu kibadilike, raundi ya kwanza Gale awalaze wale walio karibu, na wengine wote walenge mtu mmoja, yule wa upinde. Wawili wakalala. Wa upinde akadondoka kutoka juu ya paa. Dogo akanigeukia kama nimemuonyesha mazingaombwe, akamaliza pambano na damu nyingi kuliko alizowahi kumaliza nazo pale, chai yangu bado ina joto.

Baada ya wiki mbili akanitumia voisi saa saba usiku. Kahamia Tactician mwenyewe bila kuniuliza, na kafika kwa yule buibui mkubwa wa kwenye mashimo chini ya kijiji kilekile, anayetembea juu ya madaraja ya utando. Kasoma maelezo safari hii, kaona utando unaungua, kaona chini ni shimo refu, kapiga hesabu kwamba moto mmoja utamshusha mama buibui chini na nusu ya damu itakwenda naye bila kutumia zamu nyingine. Hesabu safi kabisa. Gale kawasha, daraja likakatika, mama buibui kaenda chini.

"Sasa anko," sauti imeshuka kidogo, "Shadowheart alikuwa amesimama kwenye utando huohuo."